Msitu Nilioufuta kwa Sababu ya Herufi Moja

Vijana mnaoanza kazi ya ramani, nimeombwa niwaandikie ushauri. Ushauri mnao wa kutosha, kila mtu mzima anawapa hata msipoomba. Mimi nitawaandikia makosa yangu, maana hayo hakuna mwingine atakayewapa. Nimeifanya kazi hii tangu tulipokuwa tunachora kwa mkono mpaka nikastaafu nimezungukwa na kompyuta tatu, na miaka yangu ya mwisho niliimalizia kwenye mradi wa kuchunguza jinsi misitu ya ukanda wetu wa ziwa inavyokatika vipande vipande. Ofisi yetu ilikuwa Nyamagana, ghorofa ya pili, juu ya duka la vipuri vya pikipiki. Mpaka leo nikisikia pikipiki inapigwa resi nakumbuka misitu.

Nianze na la kuchekesha, ili mkinichoka mbele huko angalau muwe mmecheka.

Nilipofundishwa kusoma picha za satelaiti niliambiwa kijani kilichokolea ni msitu. Basi mimi mwanafunzi mtiifu nikazungushia mstari kila kijani kilichokolea. Karibu na Kigongo, enzi za kivuko, kabla ya daraja, nikakuta kipande kizuri sana cha msitu pembezoni mwa maji. Nikakipa namba, nikakipima, nikakiingiza kwenye orodha. Picha ya mwezi uliofuata ikaja: msitu umesogea, uko katikati ya maji. Picha ya tatu, umefika upande wa Busisi. Mzee Kulwa, fundi mchoraji aliyenifundisha kazi, akaja akasimama nyuma ya kiti changu. Akazitazama picha zote tatu, kisha akaniuliza kwa upole kabisa, "Zainabu, huo msitu umelipa nauli ya kivuko?"

Yalikuwa magugu maji.

Tangu siku hiyo nikawa na daftari la vitu vinavyojifanya msitu. Mafunjo ya ufukweni hujifanya msitu. Shamba la miembe iliyozeeka hujifanya msitu, na mikaratusi iliyopandwa kwa mistari ndiyo kabisa, ukiitazama kwa juu utaapa. Kivuli cha wingu hujifanya bwawa. Kuna na kinyume chake. Miti ya miombo ikipukutisha majani wakati wa kiangazi hujifanya imekufa, na mtaalamu mmoja wa mradi mwingine aliwahi kuripoti kwamba msitu mzima umetoweka, kumbe ulikuwa umevua nguo tu ukisubiri mvua. Ukiona picha ya mwezi wa nane usitangaze msiba, subiri kwanza ya mwezi wa kwanza.

Huyo Mzee Kulwa nimwelezee kidogo, maana alinipokea nikiwa binti mwenye cheti kipya na maringo ya zamani. Wakati wake ramani ilichorwa kwa wino juu ya karatasi ngumu inayopitisha mwanga, na kufuta mstari ilikuwa shughuli. Unachukua wembe, unakwangua wino taratibu, halafu unasugua kwa ukucha ili karatasi isitoe manyoya. Kosa dogo linakula nusu saa, na ndani ya nusu saa hiyo unapata nafasi ya kujiuliza kama kweli lilikuwa kosa. Kompyuta zilipoingia, mzee alikuwa karibu kustaafu. Nilimwonyesha kwa fahari jinsi tutakavyokuwa tunafuta: unachagua kitu, unabonyeza, kimekwenda. Akatazama pale kilipokuwa, akasema, "Hii itakupa tabu." Nikadhani ni kijicho cha mtu mzima.

Sasa tuje kwenye vipande. Watu wengi hufikiri msitu unapotea kwa kupungua tu, kama sukari kwenye kopo. Hapana. Chukua mkate mzima, uweke mezani bila kuufunika. Chukua mwingine wa ukubwa uleule, ukate vipande kumi, uviache hapohapo. Jioni njoo ule. Ule mzima umekauka ganda tu, lakini vile vipande vimekauka mpaka ndani, ingawa hakuna aliyekula hata tonge. Msitu nao ni hivyohivyo. Ukikatwakatwa na mashamba na barabara, jua na upepo huingia kila upande, na wanyama walio kipande hiki hawafiki kile. Kazi yetu ilikuwa kuipa kompyuta ramani ya vipande vyote, nayo ituhesabie vipo vingapi, kimoja kiko mbali kiasi gani na kingine, na wapi pamebaki ushoroba, yaani ukanda wa miti unaounganisha kipande na kipande. Kima, kwa mfano, hapendi kukanyaga chini. Ngedere atavuka shamba lako mchana kweupe, tena akikutazama usoni, lakini kima anataka tawi hadi tawi. Pakikosekana ushoroba, kima wa kipande kidogo watazaliana wenyewe kwa wenyewe mpaka waishe.

Hayo ndiyo mambo niliyokuwa nayajua vizuri. Nisilolijua ni kwamba nilikuwa na ugonjwa, na ugonjwa wangu ulikuwa herufi.

Mimi nimezaliwa Mkuyuni. Baba alikuwa fundi cherehani, mchanganyiko wa Mnyamwezi na Mmanyema, na bibi mzaa mama alitokea pwani. Bibi huyo alikuwa akisikia mtoto amesema "kurara" badala ya "kulala" anamfinya sikio. Amesema "balabala", anamfinya la pili. Nimekua katikati ya Wasukuma, Wajita na Wakerewe, watu ambao kwao l na r ni ndugu wa tumbo moja, huyu hayupo anakuja yule, na mimi nikajiona mlinzi wa geti kati ya hao ndugu. Kazini walinipachika jina Bi Imla. Nilijifanya nimekasirika, lakini moyoni nililipenda.

Fomu za uwandani zilipofika ofisini zilipita kwangu kwanza. Vijana wetu wawili, Nkwabi na Sospeter, walikuwa wanakwenda vijijini na kifaa cha GPS, wanasimama kwenye kipande cha msitu, wanachukua nukta, wanaandika jina ambalo wenyeji wanakiita. Mimi nilikaa na kalamu nyekundu. Msitu mmoja umeandikwa Bulela na Burera, naunganisha. Mlima mmoja umeandikwa mara tatu kwa tahajia tatu, nafuta mbili. Na ni kweli kazi hiyo ilihitajika, kwa sababu kompyuta haijui Msukuma wala Mjita. Ukiandika jina moja kwa herufi mbili itakuhesabia misitu miwili.

Zikaja fomu za kijiji kimoja ng'ambo ya Busisi. Jina lake silitaji, watu wake wapo na wana namba yangu ya simu. Kulikuwa na msitu mkubwa wa mlimani, huo hauna utata. Halafu fomu ya Sospeter inasema "Msitu wa Karamu", na ya Nkwabi inasema "Msitu wa Kalamu". Nikacheka peke yangu. Karamu ninaielewa, wazee walikuwa wanakula huko baada ya kuomba mvua, vijiji vingi vina mahali pa namna hiyo. Lakini kalamu? Nani ataupa msitu jina la kalamu? Nikasema huyu ni Nkwabi, Msukuma wangu asiye na r. Nukta zao za GPS hazikulingana, hilo niliona. Nikajijibu kwamba mmoja amesimama upande huu wa msitu na mwingine upande ule. Nikachagua fomu ya Nkwabi, nikabonyeza, ikaenda.

Haikutosha. Kwenye kikao cha Jumatatu, mbele ya watu wote, nikasema, "Nkwabi mdogo wangu, siku ukialikwa arusini usiende na daftari. Watu wanakula karamu, hawali kalamu." Ofisi nzima ikacheka. Nkwabi naye akacheka, kisha akanyoosha mkono. "Lakini bi Zainabu, pale kwa kweli..." Nikamkata: "Hakuna lakini, kuna r." Wakacheka tena. Nkwabi akashusha mkono, na mimi nikaendelea na ajenda. Naandika haya na aibu yake naisikia bado mpaka kwenye masikio.

Kompyuta ikafanya hesabu yake. Ikasema msitu wa mlimani uko peke yake, na Karamu, ule mdogo wa mviringo chini karibu na ziwa, uko peke yake, na katikati hakuna kitu. Mngeweza kuuliza: picha ya satelaiti ilikuwa wapi? Ilikuwepo. Lakini picha tulizokuwa tunatumia wakati ule, kila kijimraba chake kilikuwa kikubwa kuliko uwanja mzima wa nyumba yenu. Kitu chembamba kilichanganyika na mashamba ya pembeni, kikatoka rangi isiyoeleweka. Ushahidi pekee ulikuwa fomu niliyoifuta. Basi ripoti ikaandikwa kwamba Karamu imetengwa na haina tumaini, na katika rasimu ya mpango wa matumizi ya ardhi wa kijiji, eneo lote la katikati likapakwa rangi ya njano, maana yake kilimo.

Tukaenda kijijini kuwasomea ramani kabla mkutano haujaipitisha. Nilikuwa mimi, mkuu wetu wa mradi, na Nkwabi aliyebeba ramani. Mkutano ulikuwa kwenye darasa la shule ya msingi, watu wamebanana kwenye madawati ya watoto magoti yamefika kidevuni. Mbele alikaa Mama Minza, mwenyekiti wa kamati ya maji, mwanamke mrefu, mwenye sauti ya kuita ng'ombe.

"Shikamoo mama," nikamwamkia.

"Malahaba. Wewe ndiye Mama Lamani?"

Sikio langu likaniwasha, nikajizuia. Nikatundika ramani ubaoni, nikaeleza rangi moja moja. Watu wakaitika vizuri. Mama Minza akainuka, akaikaribia ramani mpaka pua ikakaribia kuigusa, akaitazama juu mpaka chini. Kisha akanigeukia.

"Kalamu ya kuandika iko wapi?"

Nikafungua mkoba wangu, nikampa kalamu.

Darasa zima likalipuka kwa kicheko. Watu walicheka mpaka wakagonga madawati. Mama Minza akaitazama ile kalamu mkononi mwake, akanitazama mimi, naye akashindwa kujizuia. Nikabaki nimesimama sijui wanachokichekea.

"Siyo hii, mwanangu," akasema akijifuta macho. "Ile pale." Akanyoosha mkono nje ya dirisha. "Sisi tuna Kalamu mbili. Ile ya chini ni Kalamu ya kula, wazee walikuwa wanachinja pale. Hii hapa ni Kalamu ya kuandika, kwa sababu ni nyembamba, imenyooka toka mlimani mpaka ya kula. Chemchemi yetu ya maji imo ndani yake. Mbona hamkuiandika?"

Nikachungulia dirishani. Kando ya kijito palikuwa na ukanda wa miti mirefu, mwembamba, umenyooka kutoka mlimani kuteremka ziwani. Ulikuwa ushoroba. Ndicho kitu tulichokuwa tunakitafuta wilaya nzima, na mimi nilikuwa nimekifuta kwa kidole kimoja. Nikamtazama Nkwabi. Alikuwa anatazama sakafu. Hata kunicheka hakunicheka, na hilo liliniumiza kuliko yote.

Mkuu wetu akaniinamia sikioni. "Dada Zainabu, waambie kompyuta ilikosea. Tutarekebisha, yaishe."

Nataka mnisikilize vizuri hapa, maana sentensi hiyo mtaambiwa mara nyingi maishani. Kompyuta imekosea. Ni tamu, haimuumizi mtu, na kompyuta haiji kujitetea. Ilikuwa tayari mdomoni mwangu. Lakini mnong'ono wa mkuu ulikuwa umesikika, na nyuma ya darasa mwanamume mmoja, Baba Lukasi, alikuwa ameshasimama.

"Samahani kidogo," akasema. "Mimi niliambiwa hapo ni pa kulima. Nimeshafyeka kipande. Leo ramani inasema hivi, kesho itasema vile. Sasa hiyo kompyuta yenu ikikosea tena mwakani, mimi nitahamia wapi?"

Alikuwa na haki. Kama kosa ni la kompyuta, basi hakuna ajuaye litarudi lini, na hakuna ramani yetu hata moja ya kuaminika. Wahenga walisema mficha uchi hazai.

"Kompyuta haikukosea," nikasema. "Nimekosea mimi. Huyu Nkwabi alifika hapa, akawauliza, akaandika sawasawa. Mimi nikaona ameandika l mahali pa r, nikamcheka mbele ya watu, nikafuta msitu wenu. Nkwabi, nisamehe. Na ninyi nisameheni."

Nilitarajia matusi. Mzee mmoja wa mbele akamwuliza jirani yake kwa Kisukuma nimesema nini, akaelezwa, akatikisa kichwa polepole. "Kwa ajili ya l?" akauliza kwa Kiswahili. Nikajibu ndiyo baba, kwa ajili ya l. Hapo ndipo watu wakacheka tena, ila safari hii kicheko kilikuwa na mlango, ningeweza kuingia.

Haikuishia kwenye kicheko. Mwenyekiti wa kijiji aliahirisha upigaji kura. Mama Minza akasema hawezi kukubali ramani mpya inayochorwa mezani na mtu yuleyule aliyefuta ya kwanza, twende tukatembee. Tukaenda, karibu nusu ya mkutano. Nkwabi alishika GPS, mimi nikashika daftari, na kila tulipochukua nukta wenyeji walitaja mahali panavyoitwa na sababu yake, nami nikaandika kama walivyosema, bila kusahihisha hata herufi moja. Ilinitoka jasho. Tulipofika alipofyeka Baba Lukasi, palikuwa pengo kubwa, visiki vibichi bado vinatoa utomvu. Ushoroba ulikuwa umekatika hapo katikati. Nilisimama juu ya kisiki kimoja nikaona kazi ya kidole changu ilivyokuwa kwa ukubwa wake halisi.

Mkutano uliporudiwa walipiga kura kuiacha Kalamu ya kuandika iwe hifadhi ya kijiji. Baba Lukasi aliruhusiwa avune mahindi ya msimu huo aliyokuwa ameshayapanda kati ya visiki, kisha akapewa shamba upande wa pili wa barabara, naye akakubali kwa kununa. Pengo likaachwa lijiotee lenyewe.

Ofisini nilibadilisha fomu. Chini ya jina la mahali niliongeza mstari mmoja: "Wenyeji wanapatofautishaje na pengine?" Mtaukuta mpaka leo, na najua wengi wenu mnauacha wazi kwa sababu mnaona unapoteza muda. Ujazeni. Kuhusu kufuta, nilijiwekea sheria kwamba hakuna kinachofutwa siku hiyohiyo. Kinahamishiwa kwenye jalada la pembeni, kinalala huko juma zima, na anayekifuta lazima ampigie simu aliyekiandika. Nkwabi ndiye aliyepokea kiti changu nilipostaafu. Kiswahili chake hakina r hata ya dawa, na ramani zake ni bora kuliko zangu zote.

Vifaa mlivyonavyo ninyi ninavitamani. Picha za sasa zinaonyesha mti mmoja mmoja. Nkwabi hunitumia kwenye simu picha za lile pengo kila mvua zinapokwisha, na nimelitazama likibadilika: kwanza nyasi, halafu vichaka, halafu vitone vya kijani cheusi vikianza kugusana. Lakini picha haiwezi kuniambia kama kima amekubali kupita. Tawi linaweza kufika na mnyama akalikataa. Miaka ikaenda, nikaanza kujizoeza wazo kwamba labda nilichelewa, kwamba kima wa Karamu walishaisha wakati sisi tunasubiri miti.

Mwezi uliopita, asubuhi, nipo uani kwangu Mkuyuni nachambua dagaa, simu ikaita.

"Mama Lamani! Njoo uchukue watu wako!"

"Shikamoo Mama Minza. Watu gani tena?"

"Malahaba. Kima! Wameshuka toka mlimani, wako kwenye miti ya kijito, na shamba langu la mahindi wamelimaliza mistari mitatu. Baba Lukasi ndiye anacheka, anasema nilitaka mwenyewe."

Nikaweka ungo chini. Nikamwuliza kama ana hakika ni kima, siyo ngedere.

"Mimi nimezaliwa hapa, unataka kunifundisha kima?"

Nikaomba radhi. Nikamwuliza walipita wapi pale alipofyeka Baba Lukasi, kama walishuka chini.

"Washuke wapi? Wamepita juu juu, miti imeshashikana."

"Walikuwa wangapi, mama?"

"Nilikuwa nafukuza, sikuwa nahesabu," akasema. Kisha sauti ikapungua kidogo. "Ila jike mmoja alikuwa na mtoto kifuani."

Nilimwomba radhi kwa ajili ya mahindi, kwa moyo wangu wote. Kwa ajili ya kima sikuomba.